Kabla ya Sun Tzu, Pita Kyaka

Kama upo Mabawe, wilayani Ngara, na simu yako imejaa nukuu za Sun Tzu na Machiavelli, hakuna ubaya. Zisome. Ila mkoa wako mwenyewe umepigana vita, waliovipigana bado wapo, na mto uliobeba uzito wa vita vile unapita wilayani kwako. Kagera hii hii inayoporomoka Rusumo ndiyo inayoshika njia ya kaskazini, ikakata mashariki na kupita chini ya daraja la Kyaka. Anza na huo mto.

Nitakuonyesha namna ya kusoma Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ili vikusaidie kupanga mambo yako ya leo. Yawe ya ushirika wa AMCOS, ya duka, au ya kugombea udiwani. Ili tusitawanyike nitashika mfano mmoja: kikundi cha wakulima kinachotaka kumaliza butura. Mtu wa Kagera haelezwi butura ni nini. Kahawa ingali maua, mlanguzi keshailipia kwa bei ya kutupa.

Chagua kipande kidogo

Usijaribu kusoma vita vyote kwa pamoja. Vilianza Oktoba 1978, vikaisha Juni 1979 askari wetu walipofika mpaka wa Sudan. Ni vingi mno kwa daftari moja. Chagua siku chache tu: wiki mbili za uvamizi, au usiku wa Lukaya, au siku Kampala ilipoanguka. Kipande kidogo ukikielewa vizuri kitakufaa kuliko masimulizi marefu ya kishujaa ambayo ukiyamaliza hujui ufanye nini.

Chora ramani kwa mkono wako. Usipakue ya intaneti. Weka mpaka wa Uganda, weka mto, weka Mutukula na Kyaka. Utagundua jambo mara moja: katika eneo hilo mpaka haufuati mto. Mpaka ni mstari ulionyooka, nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mto uko kusini ya mstari huo. Kipande kilichobaki katikati, kilometa za mraba zipatazo 1,800, ndicho Idi Amin alichokivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kuwa ni chake.

Sasa huhitaji profesa akueleze kwa nini daraja la Kyaka lilikuwa na thamani kuliko mji wowote wa eneo lile. Ramani imeshakwambia.

Geuza karatasi. Chora ramani ya tatizo lako. Kahawa inatoka wapi, inapita kwa nani, fedha inaingia lini, nani anasimama katikati. Usiandike maelezo. Chora mishale tu. Ukimaliza, tafuta mahali ambapo mishale yote inapita. Hapo ndipo Kyaka yako.

Kwa wengi wanaopambana na butura, Kyaka hiyo haipo mnadani wala ghalani. Ipo Januari. Watoto wanataka sare na madaftari, chakula kimepungua, kahawa itaiva kuanzia Mei. Katika pengo hilo mlanguzi anaingia na fedha taslimu. Unaweza kufanya mikutano ya hamasa mwaka mzima. Kama Januari huna fedha ya kumkopesha mwanachama wako, umeshashindwa kabla ya msimu kufunguliwa.

Hesabu mzigo kabla ya hotuba

Tarehe 3 Novemba 1978 askari wa Amin walilivunja daraja la Kyaka. Walidhani wamefunga mlango. Kisha wakafanya kosa ambalo kila mshindi wa haraka hulifanya: wakaanza kuvuna. Waliswaga maelfu ya ng'ombe, wakabeba mali za watu na mitambo, wakaua raia. Muda waliotumia kupora ndio muda JWTZ ilioutumia kujipanga upande wa pili.

Angalia kazi iliyofanyika upande huo wa pili, maana hapo ndipo vita vilipoamuliwa. Mabasi na malori yalikusanywa, ya mashirika na ya watu binafsi. Askari walisafirishwa kutoka pembe za mbali za nchi katika msimu wa mvua. Jeshi la watu wasiofika 40,000 likakua hadi zaidi ya 150,000 ndani ya miezi michache, wakiwemo mgambo wapatao 40,000. Mwezi huo huo wa Novemba wahandisi waliweka daraja la muda la chuma na brigedi zikavuka. Hakuna anayeimbiwa wimbo kwa kubeba mafuta ya dizeli. Lakini bila dizeli kusingekuwa na wimbo.

Kwa hiyo kabla hujaitisha mkutano, jibu haya kwa maandishi. Nani atalisha watu wako, kwa kitu gani, kwa siku ngapi? Ukisema "wanachama msiuze kwa mlanguzi", umewaambia washike njaa. Taja mfuko utakaowashika. Taja kiasi cha kila kaya. Taja tarehe fedha itakapotoka. Kama huwezi kutaja, ahirisha tangazo, endelea na mfuko.

Anza na mfuko mdogo wa kweli. Kaya 15 zinazokingwa sawasawa Januari moja zitakuletea kaya nyingine Januari inayofuata. Ukiahidi kata nzima kisha fedha ikaisha tarehe 10, mlanguzi atakuwa na ushahidi wa kuwaonyesha watu kwa miaka mitatu.

Safu tatu, kisha ya nne

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam na hotuba ikarushwa redioni. Kila Mtanzania wa umri fulani anakumbuka maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Tumezoea kuyataja kwa shangwe. Yachukue kama safu tatu za daftari, uone yanavyokubana.

Sababu: mstari mmoja tu. Ukihitaji ukurasa mzima kueleza kwa nini unapambana, watu hawatakufuata. Uwezo: andika ulichonacho leo, usiandike ulichoahidiwa na mfadhili. Nia: andika majina ya watu watakaobaki hata mambo yakichacha. Majina hasa. Safu hii huwa fupi kuliko unavyotegemea, na ni heri ujue mapema.

Ongeza ya nne: mwisho. Utajua kwa dalili gani kwamba umeshinda na sasa uache? Hapa vita vile vina somo gumu kidogo. Lengo la kwanza lilikuwa kumtoa mvamizi, na kufikia mwanzoni mwa 1979 hilo lilikuwa limetimia. Likafuata la kuichukua Mutukula, Januari 1979, ili adui asirudi. Halafu Masaka na Mbarara, mwishoni mwa Februari. Libya ilipozidi kumwaga askari kumsaidia Amin, likaja la Kampala yenyewe. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na sidhani kama ningekuwa na ujasiri wa kusema tusimame Mutukula. Lakini lengo likisogea, gharama nayo inasogea.

Fanya hivi: kila lengo linapobadilika, fungua ukurasa mpya, jaza safu zote nne upya. Kikundi kilichoanza kupinga butura kikaamua katikati ya safari kununua mashine ya kukoboa kahawa, hicho sasa ni kikundi kingine. Kipigiwe hesabu nyingine.

Soma na mipango iliyoshindwa

Ushindi unapendeza, ila aliyeshindwa anafundisha waziwazi zaidi. Chukua Septemba 1972. Wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, zaidi ya elfu moja, walivuka kutoka Tanzania kwenda kumwondoa Amin. Mpango ulikuwa na vipande vitatu: kundi moja lielekee Masaka, jingine Mbarara, na makomando washushwe Entebbe kwa ndege. Ndege ilichukuliwa Dar es Salaam. Ilipotua Kilimanjaro kuwachukua makomando, matairi yakapasuka. Entebbe ikaishia hapo hapo.

Makundi mawili ya nchi kavu yaliendelea, yakitegemea kwamba wananchi wa Uganda wangeinuka. Hawakuinuka. Ndani ya siku chache yalikuwa yamesambaratishwa, na mwezi uliofuata Tanzania na Uganda zikawekeana mkataba Mogadishu wa kurudisha majeshi nyuma kilometa 10 kutoka mpakani.

Chukua kalamu nyekundu. Zungushia kila hatua ya mpango wako inayomtegemea mtu ambaye hujazungumza naye. "Wananchi wataunga mkono." Nani, umemuuliza? "Benki itakopesha." Meneja yupi, lini? Zikibaki duara mbili nyekundu, nenda kaongee na watu hao wiki hii. Zikibaki tano, hapo huna mpango, una matumaini.

Weka kitu pembeni

Usiku wa Machi 10, 1979, mambo yaliharibika Lukaya. Barabara ya kwenda Kampala hapo inapita juu ya kinamasi. Hakuna pa kukwepea. Brigedi ya 201 ilikuwa na mgambo wengi ambao hawajawahi kuonja moto wa namna ile. Ikakutana na msafara wa Walibya na Waganda wenye vifaru, na makombora ya Katyusha yakaanza kushuka. Wengi walikimbia.

Kilichookoa hali ni kwamba nguvu zote hazikuwa juu ya barabara moja. Meja Jenerali David Musuguri, aliyeongoza mapigano, alikuwa na Brigedi ya 208 umbali wa kilometa kama 60 kaskazini-magharibi. Akaiamuru ikate kuelekea barabara ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 Brigedi ya 201, ikiwa imejikusanya upya, ilishambulia kutoka mbele na 208 ikapiga kutoka upande mwingine. Walibya walivunjika, na baada ya hapo njia ya Kampala haikuwa na kizuizi cha maana.

Unaona kilichohitajika? Kikosi cha akiba, na mawasiliano ya kukifikia usiku huo huo. Basi sehemu ya mfuko wako isiguswe, robo ukiweza. Na uwe na mtu mmoja asiyehudhuria kila kikao, asiyechoka na kelele za kila siku, ambaye simu yake inapatikana mambo yakiharibika. Usimpangie kazi nyingine.

Jambo jingine kuhusu Lukaya: waliokimbia hawakufukuzwa. Walikusanywa, asubuhi wakapigana. Mwanachama aliyeuza gunia moja kwa mlanguzi kwa sababu mtoto aliugua, usimtangaze mkutanoni kama msaliti. Mrudishe kundini. Kesho utamhitaji.

Mwachie mpinzani mlango

Aprili 1979 majeshi yetu yalipoikaribia Kampala, barabara ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi kwa makusudi. Walibya wakapata pa kutokea. Nyerere hakutaka kuwabana mpaka wapigane kufa na kupona mjini, wala hakutaka kuiaibisha Libya kuliko ilivyolazimu. Kampala ilichukuliwa Aprili 10 na 11.

Mlanguzi wa kahawa wa kijijini kwenu si Mlibya. Pengine ni shemeji yako. Ana pikipiki, anajua kila shamba, ana fedha inayozunguka. Ukimfungia milango yote atapambana nawe mpaka aangushe AMCOS. Mpe njia ya Jinja: asafirishe mzigo wa kikundi kwa malipo, au aweke fedha yake kwenye mfuko kwa riba mliyokubaliana. Walanguzi wengi wanataka kula, hawana itikadi.

Waite wenye nchi mapema

Wiki mbili kabla ya Kampala kuanguka, Machi 24 hadi 26, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi na kuunda muungano wa UNLF chini ya Yusuf Lule. Hilo liliipa Tanzania kitu ambacho risasi haziwezi kukupa: Waganda wenyewe wa kukabidhiwa nchi yao. Fanya vivyo hivyo. Mtendaji wa kata, afisa ushirika, viongozi wa dini wasikie mpango wako kutoka kwako kabla ya kuusikia sokoni.

Lakini usiishie kwenye picha ya pamoja. Lule aliapishwa Aprili 13, akaondolewa Juni 20. Siku 68. Moja ya chanzo ilikuwa ubishi kuhusu nani ana mamlaka ya kuteua, rais au baraza. Kwa hiyo katika kikao cha kwanza, kabla ya soda, andikeni nani anasaini hundi, nani anaweza kumzuia, na mkigombana mnaenda kwa nani. Sanduku la fedha liwe na kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, kama wafanyavyo VICOBA.

Na bajeti isiishie siku ya ushindi. Makadirio yanayotajwa sana ya gharama ya vita vile kwa Tanzania ni dola za Marekani milioni 500. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. Waulize wazee kama mwezi wa 19 mikanda ilifunguliwa. Watacheka, kisha watakusimulia foleni za sukari na sabuni. Weka fungu la mwaka wa pili. Bei ikipanda kwa sababu umeshinda, wezi wa ghala nao watakuja kwa sababu umeshinda.

Ngara yenyewe ina darasa

Huna haja ya kwenda mbali kupata somo la kugawa vitu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa kama 24, wakakusanyika Benaco. Mwanzoni chakula kilipitia kwa viongozi waliokuja na watu wao, na wengine kati yao ndio walioongoza mauaji kule walikotoka. Orodha ya majina ikawa silaha. Anayeandika nani ale ndiye mtawala, hata kama hana cheo. Orodha ya mikopo ya Januari isikae kwa mtu mmoja. Ibandikeni ukutani, kila mtu aione na kuipinga.

Kwa upande wa siasa, chimba habari za Bugufi, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ngara. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza na Wabelgiji walikata mipaka mezani, 1919. Gisaka, mashariki mwa Rwanda, nayo iliwekwa upande wa Waingereza. Mwami Musinga na wamisionari walipinga, malalamiko yakafika Shirikisho la Mataifa, na Gisaka ikarudishwa. Bugufi, ambayo Burundi iliidai, ilibaki Tanganyika. Funzo la kiofisi ni hili: lalamika mapema, kwa maandishi, kwa mwenye uwezo wa kubadili uamuzi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kaa na mzee, lakini kaa vizuri

Kijana wa miaka 20 aliyeingia mgambo 1978 sasa anakaribia 70. Usisubiri. Nenda asubuhi, akiwa hajachoka. Mwamkie, kisha muite Afande. Neno hilo litafungua mlango ambao maswali yako hayangeufungua.

Usimuulize aliua wangapi. Muulize walikula nini. Viatu vilikuwaje. Walilala wapi mvua iliponyesha. Nani alikuwa anawaletea risasi, na siku alipochelewa walifanya nini. Mkakati umejificha kwenye majibu hayo, na mzee atayatoa bila kuumia.

Tarehe zitampotea, misimu haitampotea. Muulize kama mahindi yalikuwa shambani, kama Krismasi ilikuwa imepita. Kisha linganisha na tarehe zinazojulikana. Ukipata nafasi fika Kaboya, wilayani Muleba, walipozikwa wanajeshi wetu waliokufa katika vita vile. Siku ya Mashujaa ni Julai 25. Soma majina taratibu, uone yanatoka makabila na pande ngapi za nchi.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Akikataa, sikiliza, uandike ukifika nyumbani. Na kwa habari za 1994 ongeza tahadhari: Ngara ni ya undugu wa kuvuka mipaka, na jirani yako anaweza kuwa na kaburi lisilojulikana lilipo. Akinyamaza, acha.

Kabla hujaaga, muulize ni nani mwingine alikuwepo, hasa yule ambaye huwa hawakubaliani wakisimulia. Chukua jina na kitongoji. Huyo ndiye wa kumtembelea kesho.